Dawa imekataa, ni mwili wa mzee umezoea?

SWALI: Daktari, babangu ana miaka 68, amelazwa hapa Kisumu na nimonia. Siku ya nne saa hii anadungwa antibayotiki ya seftriaksoni na joto haishuki. Kalcha, kile kipimo cha kuotesha vijidudu, imetoka leo, wanasema ni bakteria inaitwa Klebsiella na hiyo dawa haiiwezi, wanataka kumwekea antibayotiki nyingine, meropenemu, na bei yake iko juu. Kabla ya hapo alimeza tembe za kemisti Kondele karibu wiki mbili. Ni mwili umezoea antibayotiki ama wanatafuta pesa tu?

JIBU: Kubali wabadilishe leo hii, usingoje kesho. Kuna Klebsiella wanaotengeneza kimeng'enya, yaani kemikali yao, kinachovunja seftriaksoni kabla ifanye kazi, hata akiongezwa dozi ni bure, na kwa umri wake kila siku ya dawa isiyofaa inamsogeza karibu na maambukizi kuingia damuni, wengine huishia ICU, wodi ya mahututi. Wapatie madaktari majina ya zile tembe zote alizomeza, usifiche hata moja.

Sasa hii ya mwili kuzoea. Naisikia kila siku wodini na inaniuma, manake mwili wa mzee haujazoea kitu! Bakteria ndio wamebadilika. Tembe zinaua wale dhaifu, wale sugu wanabaki wanazaana bila mpinzani, tena wanapeana hizo jeni za usugu wao kwa wao na wanasafiri kwa mikono, kwa hivyo hata wewe ambaye hujameza kidonge miaka mingi unaweza kuwabeba. Anayeamini ni mwili atasema yeye bado hajazoea, wacha ameze mbili tatu.

Na hawa wa kemisti wanaokukatia tembe nne kwa mkasi, wanatia kwa bahasha ya kaki bila hata kusikiliza kifua, hao nawakasirikia kabisa. Kikohozi kingi ni virusi na antibayotiki haivigusi, makohozi kuwa kijani pia si ushahidi. Halafu ikikataa wanakupandisha antibayotiki zingine kama sipro ama levofloksasini, na hapo ndipo hatari, kwa sababu hizo zinaweza kutuliza TB kidogo, mtu anaona nafuu, vipimo vinachelewa na huku anaambukiza nyumba nzima. Kikohozi kikifika wiki mbili makohozi yapimwe TB, kwa hospitali za serikali kipimo hicho hulipii. Na mgonjwa akianza kuhema mbio, kuchanganyikiwa ama midomo kugeuka rangi, msisimame kemisti, nendeni hospitali moja kwa moja hata kama ni usiku na iliyopo ni bodaboda.