Madogo mnaoanza wadi, msichanganye sainasi na saini kwenye ECG

Madogo mnaoingia wadi mwaka huu, hili lishikeni mapema. Kwenye ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, mtakuta imeandikwa sainasi ridhimu na nyie ambao hesabu za fomu six bado ziko kichwani mtadhani ni kwa sababu mistari inapanda na kushuka kama grafu ya saini, ile ya trigonometria (sine). Sivyo. Ni kwamba umeme wa moyo unaanzia SA nodi, kifundo kidogo kinachoanzisha mapigo, kilichoko juu kwenye atiria ya kulia (chumba cha juu cha moyo), sehemu ambayo kwenye kiinitete palikuwa na mfuko wa kupokea damu ya vena unaoitwa sainasi venosasi. Watafiti Keith na Flack ndo waliielezea hiyo nodi 1907, Uingereza.

Ila kufanana kwa majina siyo bahati tu. Mwanahisabati Aryabhata kule India, kama mwaka 499 hivi, nusu ya mstari unaokatisha duara aliuita kwa neno jya, kamba ya upinde. Waarabu wakalichukua likawa jiba, na kwa vile waliandika bila irabu baadaye likasomeka jayb, yaani mfuko au uwazi wa nguo kifuani, basi wafasiri wa karne ya 12 wakaweka Kilatini chake, sinus, ndo hiyo saini ya hesabu. Kwa hiyo hesabu ilipata jina kwa kusomwa vibaya, anatomia ndo inalitumia kwa maana yake halisi! Mpaka leo kwa Kiarabu saini ni jayb na sainasi za pua ni juyub, wingi wa hilohilo.

Ndo maana nawaambia kila mkikutana na sainasi ulizeni ni uwazi wa nini. Maksilari (za shavuni) na frontali (za paji la uso) ni hewa, koronari sainasi ya moyoni na zile za kwenye dura, utando unaofunika ubongo, ni damu ya vena, karotidi sainasi ni pale ateri ya shingoni inapotanuka kidogo na ndo panahisi presha.

Sasa umakini hapa. Wimbi la saini kwenye ECG lipo kweli, na ni hatari: potasiamu imepanda sana, mara nyingi mgonjwa wa figo, kwenye ECG wimbi la P (la atiria) halionekani, QRS (la ventrikali kusinyaa) imetanuka mpaka imeungana na T (la ventrikali kupumzika). Ukiona hivyo usije ukaandika sainasi ridhimu ukaendelea na raundi, mwite daktari senia hapohapo na kalsiamu glukoneti ianze kupitia mshipa, msikae kusubiri majibu ya maabara.