Kabla Hujawapeleka Watu Sayari ya Mbali, Uliza Mbegu Yao Inatoka Wapi

Kila mwaka kikundi chetu cha uandishi hapa Mbeya hupata wageni wawili watatu, na karibu wote huja na wazo moja: chombo kiliondoka duniani, kikatua sayari ya mbali, mawasiliano yakakatika, na sasa imepita miaka 300, vitukuu hawajui asili yao. Ni wazo zuri. Ndilo nililoanza nalo na ndilo ninaloliandika hadi leo. Ila rasimu zangu mbili za mwanzo zilinifia mkononi, na nisingependa zenu zife kwa ugonjwa uleule.

Rasimu ya kwanza niliifungua kwa vita. Nilifika ukurasa wa 80 ndipo nikajiuliza watu hawa wanakula nini. Na wakati huo mchana nilikuwa muuza pembejeo Mwanjelwa! Kila mvua zilipokaribia niliwaambia wakulima maneno yaleyale: mahindi chotara usirudishe mbegu yake shambani. Ukipanda punje ulizovuna, msimu unaofuata shamba linatoka vichwa tofauti, mengine marefu, mengine mafupi, na magunia yanapungua. Nililisema hilo mara nyingi mno bila kuona kwamba hadithi iko mdomoni mwangu.

Hebu wafikirieni walowezi waliopewa ghala la mbegu chotara kwa kuwa aliyepanga safari aliamini chombo cha pili kiko njiani. Mwaka wa kwanza wanashiba. Wa pili wanalaumu udongo. Baadaye inajulikana kuwa bibi mmoja alificha kibuyu cha mahindi ya kienyeji kwenye mzigo wake, na kijiji kizima sasa kinamtazama yeye. Mna mhusika, mna mgogoro, na bado hamjafyatua hata risasi moja.

Viazi navyo vina mambo. Mkulima wa Umalila au Makete atawaambia mbegu ya viazi huchoka. Ukipanda vyako mwenyewe mwaka hadi mwaka, virusi hujilimbikiza ndani ya kiazi, mavuno hushuka hata kama udongo ni uleule. Mbegu safi hutafutwa juu kwenye baridi, ambako vidukari wanaoeneza virusi ni wachache. Basi watu wenu wanalazimika kupanda mlima. Hapo ndipo safari ya kusisimua inapozaliwa: mtu anakwenda kwa sababu asipokwenda watoto hawali. Mimi husoma kurasa nyingi ambazo shujaa anazunguka sayari nzima bila shida yoyote iliyomtoa nyumbani, nami huchoka kabla yake.

Jambo la pili ni ujuzi. Msiandike "wakasahau teknolojia" mkaishia hapo. Watu hawalali wakaamka wamesahau. Nendeni mkaulize habari za Ufipa. Wazee wa kule walijenga matanuru ya udongo marefu kumpita mtu, yenye matundu chini ya kuingiza hewa bila mivukuto, wakayeyusha mawe wakapata chuma cha majembe. Jembe la dukani lilipoenea katika karne ya 20, matanuru yakapoa. Kijana hakuwa na haja ya kujifunza kazi ya moto mkali wakati jembe linauzwa sokoni. Ukilitazama hivyo, walowezi wako walipoteza uhunzi zamani, wakiwa bado duniani, maana hakuna aliyepanda chombo akiwa anaujua. Jembe la mwisho likikatika, hapo ndipo wanagundua.

Na kama hawawezi kuyeyusha, chuma watakitoa wapi? Pandeni gari hadi Ndolezi, mkakitazame Kimondo cha Mbozi. Kina urefu wa mita 3 hivi, kinakadiriwa kuwa na uzito wa zaidi ya tani 10, na asilimia 90 yake ni chuma, nyingine nyingi ni nikeli. Wekeni kiganja juu yake, kisha fikirieni kijiji kisicho na tanuru kikiamka na kukuta kitu kama hicho bondeni. Nani atakimiliki?

Neno "koloni" lenyewe lipimeni. Sisi tukilisikia tunamkumbuka mkoloni. Iringa kuna Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, iliyoangushwa na Wajerumani mwaka 1894. Fuvu lake lilirudi nyumbani mwaka 1954. Mtu aliyekua akisikia habari hizo hawezi kuandika "sayari ilikuwa tupu" bila kujiuliza nani kasema. Mimi hutumia "walowezi", na katika sura ya kwanza huwa namwacha mtu mmoja aone alama za moto usio wao.

Lugha nayo inawaponyoka wengi: miaka 300 imepita na wahusika wanaongea kama sisi stendi ya Nane Nane. Tunao mfano karibu. Wangoni waliondoka kusini mwa Afrika, wakavuka Zambezi mwaka 1835 siku jua lilipopatwa, wakafika Ufipa, na kiongozi wao Zwangendaba alipofariki huko wakagawanyika, wengine wakafika Songea. Njiani waliwachukua wanawake na vijana wa makabila mengine, na watoto wakaongea lugha za mama zao. Kingoni cha Songea leo kinafanana na lugha za majirani zake kuliko Kizulu. Hiyo haikuchukua hata miaka 100.

Hesabu za anga zisiwatishe. Nyota iliyo karibu zaidi baada ya Jua, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka ya mwanga 4.2, yaani hata mwanga husafiri miaka hiyo kufika huko; ukiomba msaada, jibu linafika baada ya miaka zaidi ya 8. Inatosha kujua hilo. Hewa nyepesi mnaijua tayari: Mbeya mjini, mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na maharage yanakula kuni kuliko pwani. Anzieni jikoni.

Rasimu ya pili nilimsomea bibi yangu Makete, mwezi wa sita, tukipukuchua mahindi karibu na moto. Akanisimamisha: "Na chumvi waliitoa wapi?" Nilikuwa nimewapa mbegu, chuma, hata mahakama. Chumvi sikuwapa. Kutafuta jibu ndiko kulikonifikisha kwenye habari za Ivuna, bonde la Rukwa, ambako watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa karne nyingi. Hapohapo Ivuna, Desemba 1938, kilianguka kimondo cha aina adimu sana, hata wanasayansi wakaliita kundi zima CI, na herufi I ni ya Ivuna.

Rasimu ya tatu inaanza na msichana anayeshuka mteremko kwa siku sita, mgongoni ana mbegu za kubadilishana na chumvi. Bibi alisikiliza hadi ukurasa wa mwisho, kisha akauliza kama njia ya kurudia ina maji. Sura hiyo ndiyo ninayoiandika sasa.