Jibu: Feni au dari kwanza kwa anayehamia Buliisa?

Ndugu, umeeleza kwamba unahamishwa kikazi kutoka Kabale, kwenye milima yenye baridi, kwenda Buliisa, kando ya Ziwa Albert magharibi mwa Uganda, ukauliza iwapo feni moja itatosha katika nyumba ya mabati isiyo na dari. Kwa maoni yangu, dari itangulie. Ziwa Albert liko kwenye mwinuko wa takriban mita 620 tu, ndani ya Bonde la Ufa, na kinachochosha watu kando yake si jua peke yake bali pia unyevu wa hewa, ambao huzuia jasho kukauka, ilhali kukauka huko ndiko kunakoupoza mwili. Feni husaidia kwa kuondoa hewa yenye unyevu iliyotuama juu ya ngozi. Lakini saa nane mchana, chini ya mabati matupu, joto la chumbani likipita lile la ngozi, yaani nyuzi 35 hivi, itakupulizia hari tu.

Weka dari, hata ya mikeka ya mafunjo, ukiacha mwanya wa hewa kati yake na bati. Ule ushauri wa kutundika shuka lililoloweshwa dirishani unafaa Moroto penye hewa kavu. Ziwani utakuongezea unyevu.

Chandarua usikiondoe kwa sababu ya joto. Ielekeze feni kitandani. Wiki mbili za mwanzo, mwili ukiwa bado unazoea, kazi nzito zifanye asubuhi, na mtu akianza kuchanganyikiwa kwa joto, mmwagieni maji na kumpepea huku mkimkimbiza kituo cha afya.