Miguu inanuka, nami niko tyubu ya tano ya krimu

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mlinzi wa ghala hapa Dar es Salaam. Naingia lindo saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi, na muda wote huo niko ndani ya buti. Huu mwaka wa pili miguu inanuka hata nikiisugua kwa sabuni mara tatu kwa siku. Haiwashi wala haiumi. Nimeloweka kwenye limao na chumvi, nimepaka magadi soda, jirani akanishauri nitie jiki kwenye beseni, ngozi ikachunika. Duka la dawa wakaniambia ni fangasi, wakanipa krimu ya mchanganyiko. Siku za mwanzo niliona nafuu, kisha ikarudi. Sasa niko tyubu ya tano. Msikitini siingii tena, naswali nyumbani kwa aibu ya kuvua viatu. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mtu anayesugua miguu mara tatu kwa siku hana shida ya uchafu, kwa hiyo hiyo aibu iondoe kwanza. Nitakayokueleza hapa huwa nawaeleza walinzi, askari, wapishi wa hotelini, wafanyakazi wa viwanda vya samaki na wanafunzi wa bweni karibu kila wiki, na wengi wao huja na tyubu ileile mkononi.

Kesho ukitoka kazini, weka miguu kwenye beseni la maji matupu kwa dakika 10 hadi 15. Kisha kaa penye mwanga wa jua utazame visigino na ile sehemu nene ya unyayo iliyo nyuma ya vidole, pale unapokanyagia. Usipoona vizuri, mwombe mkeo akutazamie. Tafuta vitundu vidogo visivyo na damu wala usaha, kama ngozi iliyochomwachomwa na sindano. Vingine huungana vikawa mfereji mfupi. Ngozi inayovizunguka huwa nyeupe, laini, yenye utelezi kidogo, na ukivua soksi baada ya lindo utasikia inang'ang'ania unyayo. Ukikuta hivyo, huna fangasi. Una bakteria wanaokula ngozi ya juu ya unyayo, na kwa maelezo yako (harufu kali, hakuna kuwashwa, buti saa 12) sitashangaa hata kidogo ukivikuta.

Ugonjwa huu si mgeni. Daktari Mwitaliano Aldo Castellani, ambaye mwaka 1902 alikuwa Entebbe akichunguza malale, aliuandika mwaka 1910 akiwa Ceylon (sasa Sri Lanka), na watu aliowaona walikuwa wakitembea peku wakati wa masika. Liangalie hilo vizuri: peku. Kwa hiyo buti peke yake si mkosaji. Kinachouleta ni ngozi kukaa na unyevu muda mrefu, uwe wa tope la shambani au wa jasho lako mwenyewe. Mmoja wa bakteria wanaousababisha anaitwa Dermatophilus congolensis, jina alilopewa kwa sababu alielezwa kwanza kwenye ng'ombe wa Kongo mwaka 1915. Mwingine, anayetajwa zaidi, ni Kytococcus sedentarius. Hawa hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha ile ngozi ngumu ya unyayo, na mabaki yake yenye salfa ndiyo yanayonuka.

Jasho la unyayo likitoka halinuki. Nyayo zina tezi za jasho mia kadhaa kwa kila sentimita moja ya mraba, na kinachotoka humo ni maji na chumvi. Harufu huanza bakteria wanapoifikia ngozi iliyolowa. Kuna hata jamaa wa bakteria wa miguuni wanaotumika kutengenezea jibini la Limburger, lile la Ulaya lenye harufu kali, na mwaka 1996 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba jibini hilo huwavuta Anopheles gambiae, mbu wetu wa malaria, ambaye hupenda kuuma miguuni na kwenye vifundo. Wenzetu wa Taasisi ya Afya Ifakara wameendeleza kazi ya namna hiyo, wakitengeneza harufu ya kuwanasia mbu. Nayataja haya kwa sababu moja tu: harufu ni kazi ya viumbe hai, na viumbe hai hawaondoki kwa kufunikwa na manukato.

Limao, magadi na jiki nitayapitia haraka. Magadi soda ukiyanyunyiza ndani ya kiatu usiku yatapunguza harufu ya kiatu, basi. Kwenye ngozi yanaondoa ile asidi kidogo inayotukinga, nao bakteria hawa hustawi asidi ikipungua. Limao au ndimu ukipaka kisha ukatoka juani, unaweza kupata malengelenge na madoa meusi yanayokaa miezi. Jiki imekwishakuchuna, na ngozi iliyochunika ni mlango wa maradhi mengine. Na tafadhali, usije ukachanganya jiki na siki au limao kwenye beseni moja. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na ndani ya bafu dogo gesi hiyo ni hatari kwa mapafu.

Sasa tiba. Usiku, au kwako wewe asubuhi kabla ya kulala, osha miguu kwa sabuni ya kuua bakteria, ile yenye klorheksidini ukiipata. Futa, na usiruke katikati ya vidole. Subiri ikauke kabisa. Kisha paka jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 5, ileile wanayopaka vijana kwa chunusi, tabaka jembamba kwenye sehemu zenye vitundu. Hupauza rangi ya nguo, kwa hiyo tandika shuka kuukuu. Isipotosha, daktari anaweza kukuandikia antibayotiki ya kupaka, kama klindamaisini au asidi ya fusidi. Vidonge ni nadra sana kuhitajika. Harufu huanza kuondoka mapema, vitundu hufuata, na kwa kawaida ni wiki 2 hadi 4. Usiache siku harufu inapokatika. Maliza mpaka vitundu vimefutika.

Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukausha, na hapa ndipo wengi hurudi nyuma. Jozi moja ya buti unayoivaa kila siku haipati nafasi ya kukauka. Kama mwajiri amekupa jozi moja, mwombe ya pili, na ukishindwa, hata ya mitumba, ilimradi uisafishe ndani na uianike vizuri. Toa soli ya ndani kila unapovua, jaza magazeti ndani ya buti, zianike penye upepo, na zibadilishane siku. Nenda lindo na soksi za akiba ndani ya mfuko, na saa sita usiku vua, futa miguu kwa kitambaa, vaa nyingine. Hilo la saa sita usiku wagonjwa wangu hulidharau kuliko yote, nami nalitegemea kuliko yote. Soksi zifuliwe kwa maji ya moto, zikauke juani, na kama una pasi, zipigwe.

Ukiwa ni mtu wa jasho jingi hata kwenye viganja, tangu utotoni, tumia dawa ya kuzuia jasho yenye kloridi ya alumini ya asilimia 20. Paka kwenye unyayo mkavu wakati wa kulala, osha ukiamka. Ukipaka kwenye ngozi yenye maji itawaka moto. Angalia pia kwamba ile ya kwapani inayouzwa kwa ajili ya kunukia tu haizuii jasho. Soma kopo uone kama kuna alumini.

Wanaopenda dawa za nyumbani nawaachia moja isiyo na madhara: chai ya rangi. Chemsha majani mengi ndani ya nusu lita ya maji kwa dakika 15, ongeza maji baridi mpaka yawe vuguvugu, loweka miguu nusu saa kila siku kwa wiki moja. Tanini, ile inayoipa chai ukakasi, hukaza ngozi na kupunguza jasho kidogo. Ushahidi wake ni mdogo, na haitaondoa vitundu, ila haitakuunguza. Mwenye kisukari asiloweke miguu hata kidogo, wala kwa chai wala kwa maji ya moto. Miguu iliyokufa ganzi huungua bila mwenyewe kujua, na kuloweka kunaipasua ngozi. Huyo aende kliniki yake, na akiona kidonda asisubiri kesho.

Nirudi kwenye tyubu yako ya tano, maana hilo ndilo linaloniumiza. Krimu ya mchanganyiko kwa kawaida ina vitu vitatu: dawa ya fangasi, antibayotiki, na steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), mara nyingi betamethasone. Antibayotiki iliyomo ndiyo iliyokupa ile nafuu ya mwanzo, ikawapunguza bakteria bila kuwamaliza. Dawa ya fangasi haikuwa na kazi. Na steroidi ndiyo iliyokaa miguuni kwako miezi yote hiyo ikipunguza kinga ya ngozi na kuifanya nyembamba, wakati buti inaendelea kuilowesha. Umelipia tyubu tano ili mgonjwa na ugonjwa waendelee kuishi pamoja.

Muuzaji aliyekuambia ni fangasi hakukuvua soksi. Hakuuliza kama unawashwa. Fangasi wa miguu kwa kawaida hukaa katikati ya vidole, hasa vile viwili vya mwisho, ngozi ikawa nyeupe, ikachubuka na kuwasha. Wewe ulisema haiwashi, na hilo moja lilitosha kumfanya asite. Sisemi wauzaji wote wako hivyo. Wapo wafamasia wanaowarudisha watu hospitali, nami nawashukuru. Lakini dukani imezoeleka kwamba chochote cha ngozi, kuanzia kisigino mpaka usoni, dawa yake ni tyubu ya mchanganyiko, kwa sababu kuwashwa hukatika siku ya pili na mteja hurudi akishukuru.

Hata mwenye fangasi wa kweli krimu hiyo humdhuru. Steroidi huzima wekundu na muwasho, fangasi akaendelea kutambaa chini kwa chini, duara lake likapoteza umbo, na mtu akifika kwetu hata sisi inatubidi tukwangue ngozi tuitazame kwenye hadubini ndipo tujue tunashughulika na nini. Nimeona fangasi iliyoanzia vidoleni ikafika kiunoni kwa njia hiyo. Nimeona mapaja ya kijana yakiwa na michirizi ambayo haitafutika.

Na tyubu haikai kwa mtu mmoja. Baba amenunua ya miguu, mama anampaka mtoto mwenye mapunye, dada anapaka usoni kwa sababu aliona inang'arisha. Mtoto wa nepi akipakwa steroidi kali mara kwa mara, dawa huingia mwilini mwake kupitia ngozi na kuvuruga homoni zake. Kwa hiyo leo, kabla hujafanya jambo lingine, toa tyubu zote zilizomo nyumbani usome maandishi madogo. Ukiona betamethasone, clobetasol, dexamethasone au triamcinolone, hiyo ni steroidi, hata kama mbele wameandika kwa herufi kubwa kwamba ni ya fangasi. Ya miguuni acha. Kama kuna mtu wa nyumbani aliyeipaka usoni kwa miezi, asikatishe kimyakimya bila kumwona daktari, kwani uso unaweza kuvimba na kuwaka, naye akadhani anaihitaji, akairudia.

Wiki 4 zikipita na vitundu bado vipo, nenda kliniki ya ngozi Muhimbili. Aliye Kaskazini ana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC Moshi, kilichoanza mwaka 1992. Usioshe miguu asubuhi hiyo, na nenda na soksi ulizovaa usiku. Hakuna atakayekunyanyapaa. Tunahitaji kuiona kama ilivyo.