Usafi wa nitrojeni ukishuka, anza na valvu ya kutolea

Ndugu uliyeuliza kwa nini usafi umeshuka kutoka 99.9% hadi 98% kwenye mtambo wako wa minara miwili, ule unaotenga nitrojeni na hewa: si lazima kaboni, yaani chembe zilizo ndani ya minara zinazonasa oksijeni, iwe imekufa. Punguza kwanza mtiririko kwenye valvu ya kutolea nitrojeni, kidogo kidogo, subiri minara ipokezane zamu mara kadhaa, ndipo usome. Gesi ikivutwa kwa kasi, oksijeni hupenya nayo. Angalia pia presha ya hewa inayoingia, na kama kipima oksijeni kinasoma 20.9% kwenye hewa ya kawaida. Ukikuta mafuta kwenye filta, zima mara moja; yakifika kwenye kaboni, imeharibika. Na tafadhali, nitrojeni unayoimwaga wakati wa kurekebisha itoke nje ya jengo: haina harufu, na chumba kilichofungwa huishiwa oksijeni bila mtu kuhisi.