Kabla hujanunua tangi, ijue kwanza mvua yako: majibu ya maswali yenu

Maswali ya kuvuna maji ya mvua mjini yamekuwa mengi, nimechukua yale yanayojirudia. La ukubwa wa tangi nimelijibu kwa urefu maana hapo ndo pesa nyingi za watu zinapotelea, na inaniuma kweli kuona mtu kajibana akanunua tangi halafu miezi mikavu ikifika liko tupu.

Paa langu ni mita 8 kwa 10, na nimeambiwa huku inanyesha milimita 1,200 kwa mwaka. Nitapata maji kiasi gani?

Milimita 1 ya mvua ikidondokea mita 1 ya mraba inakupa lita 1, basi. Chukua 80 zidisha mara 1,200 unapata lita 96,000, ila zote hazifiki kwenye tangi, mengine yanarukia nje, mengine yanakaukia juu ya bati lenye joto, mengine unayamwaga makusudi, kwa hiyo kwa bati zidisha tena kwa 0.8 ubaki na lita 76,800. Zege na vigae vinapoteza zaidi kidogo. Na eneo la paa unalipima ukiwa chini, yaani ile sehemu ya ardhi inayofunikwa, mteremko wa paa haukuongezei maji.

Sasa hapo ninunue tangi la lita elfu 70 na kitu?

Hapana ndugu yangu, subiri kwanza. Jumla ya mwaka inakwambia maji yapo au hayapo, haikwambii tangi liwe kubwa kiasi gani. Kinachopanga tangi ni zile siku ambazo haidondoki hata tone.

Angalia hivi, chukua nyumba mbili, zote paa hilo hilo la mita 80 za mraba, zote mvua ni 1,200, zote watu 5 kila mmoja anatumia lita 20 kwa siku, yaani lita 100 kwa siku, kama 3,000 kwa mwezi. Nyumba ya kwanza inanyeshewa milimita 100 kila mwezi, hao wanaingiza lita 6,400 na kutumia 3,000, tangi la lita elfu 3 au 4 linawatosha kabisa. Nyumba ya pili mvua yote inashuka ndani ya miezi 4, milimita 300 kila mwezi, halafu miezi 8 kimya. Hao wanahitaji kuweka akiba ya miezi 8 mara 3,000, lita 24,000! Mvua ya mwaka ni ile ile, ila tangi moja ni kama mara 6 ya lingine.

Kwa hiyo kaa na karatasi, andika miezi 12, kila mwezi weka maji yanayoingia, toa yanayotumika, beba kinachobaki uende nacho mwezi unaofuata. Pengo kati ya akiba ilipokuwa juu kabisa na iliposhuka chini kabisa baada ya hapo ndo saizi ya tangi lako. Ukiona hela haifiki hapo, punguza matumizi kwenye hiyo karatasi, maji ya mvua yawe ya choo na kufulia tu kwa mfano, ni sawa kabisa, bora ujue mapema.

Wastani wa mvua niutoe wapi, na niuamini?

Idara ya hali ya hewa ya nchi yako ndo mahali pa kuanzia, omba za mwezi kwa mwezi, miaka 20 hadi 30 kama zipo. Ila wastani unaficha mambo, mwaka wa mafuriko na mwaka wa ukame vikichanganywa vinatoa namba nzuri ambayo haijawahi kunyesha mwaka wowote. Mimi napangia mwaka mkavu, ule unaotokea kama mara moja kila miaka 5. Na hewa ikiongezeka joto nyuzi 1 inabeba mvuke zaidi kama asilimia 7, ndo maana mvua kubwa zinazidi kuwa kubwa, na sehemu nyingi vipindi vikavu navyo vinarefuka. Acha nafasi ya hilo kwenye hesabu.

Mvua ikiwa kali gata zinamwaga pembeni, fundi anasema nibadilishe tangi.

Tangi halihusiki hapo. Mvua ya milimita 60 kwa saa kwenye paa lako ni lita 80 kila dakika, ndoo 4 za lita 20, kila dakika! Kipimo cha haraka ni sentimita 1 ya mraba ya tundu la gata kwa kila mita 1 ya mraba ya paa inayomwagia gata hiyo, na mteremko wa sentimita 1 kila mita. Safisha majani kwanza kabla hujabadilisha kitu.

Maji yananuka, na je yanafaa kunywa?

Mvua ya kwanza inaosha vumbi na kinyesi cha ndege, usiipokee. Tupa angalau nusu milimita mpaka milimita 1, kwa paa lako ni lita 40 hadi 80, weka bomba la pembeni linalojaa kwanza kabla maji hayajaingia kwenye tangi, na ukumbuke kulimwaga baada ya mvua. Tangi liwe gizani, mwanga unaotesha ukijani. Kunywa, chemsha au tia klorini, Shirika la Afya Duniani linataka ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30. Lakini kama paa lina madini ya risasi au rangi ya zamani yenye risasi, kuchemsha hakusaidii, maji ya mvua yana asidi kidogo na yanaitoa. Hayo usinywe, na watoto usiwape.

Tangi langu litapunguza mafuriko mtaani?

Likiwa limejaa, hapana. Mvua ya milimita 50 kwako ni lita 3,200, zinahitaji nafasi tupu. Toboa tundu dogo katikati ya tangi likiongozwa na bomba, nusu ya juu ijimwage taratibu baada ya mvua, ya chini ibaki akiba, ila hapo kwenye ile karatasi hesabu nusu ya chini peke yake. Ukumbi wa sumo wa Kokugikan pale Tokyo una tangi la lita milioni 1 chini yake tangu 1985, maji yake yanaenda vyooni.

Sina uwanja, niweke tangi juu ya ghorofa?

Lita 1,000 ni tani 1. Muulize injinia kwanza, tafadhali sana. Bermuda nyumba zinajengwa na tangi chini kabisa, kama bado hujajenga fikiria hivyo.

Na mbu?

Wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 1, kwenye mdomo wa tangi na kwenye bomba la kumwagia ziada pia, hilo la pili ndo watu wanalisahau.