Maswali Yenu Kuhusu Reli Ndogo za Mezani

Barua za mara hii kuhusu treni za mfano za mezani zimetoka Lamu, Malindi na Mambrui, na kadhaa zina adui mmoja: hewa ya bahari. Tumezijibu kwa urefu unaolingana na uzito wa swali.

Shikamoo mafundi. Nyumba yetu ni ya kale, hapa Mkomani, Lamu. Chumba ni kirefu lakini chembamba, na nimepata nafasi ya meza ya sentimita 180 kwa 60. Nataka reli nyembamba za kazi, si treni kubwa. Nianze na kipimo gani? (Kijana wa Mkomani)

Marahaba, mwanetu. Tenganisha kwanza skeli na geji. Skeli ni kiasi ambacho kila kitu kimepunguzwa, awe mtu, behewa au mnazi. Geji ni nafasi iliyo kati ya reli mbili. Toroli za Mombasa, zile zilizokuwa zikisukumwa na watu barabarani, zilipita kwenye geji ya futi 2, yaani milimita 610. Mashamba ya mkonge ya Tanganyika yalitumia milimita 600. Reli ya Bububu kule Unguja ilikuwa futi 3. Hata reli kuu ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, huhesabiwa nyembamba, kwani ina mita 1 tu badala ya milimita 1,435 za geji ya kawaida.

Kwa meza yako chagua skeli ya 1:76 juu ya reli ya milimita 9, ambayo wenyewe huiita OO9. Gawanya 610 kwa 76 utapata 8, kwa hiyo njia yako itazidi kwa milimita 1 na jicho halitalalamika. Faida ni kwamba reli ya milimita 9 ndiyo inayotumiwa na treni ndogo za skeli iitwayo N, kwa hiyo mota, magurudumu na fremu za injini hupatikana kwa wingi. Usinunue reli za N zenyewe, maana mataruma yake (vile vipande vya kukatiza vinavyolaliwa na reli) ni membamba na yamebanana. Tafuta reli ya OO9 ya kampuni ya Peco: mataruma yake yameachana, na huja kwa vipande vya milimita 914 vinavyopindika. Kuna wanaopenda 1:43.5 juu ya reli ya milimita 16.5, ambapo mtu hufikia karibu sentimita 4. Inapendeza mno, ila kwenye sentimita 60 utabaki na njia tatu na ukuta.

Sasa mpango wa njia. Duara la nusu kipenyo milimita 228 linaingia kwenye upana wa sentimita 60 na kubakisha zaidi ya sentimita 7 kila upande. Kanuni ya kushika ni kwamba nusu kipenyo cha kona kiwe angalau mara tatu ya urefu wa behewa, hivyo kwa 228 usizidi milimita 76. Ukizidisha, viungio vitavutana pembeni na behewa jepesi la katikati litapanda reli.

Lakini kwa maoni yetu, duara kwenye meza hiyo ni hasara. Treni huzunguka, unaitazama kidogo, basi. Jenga yadi ya kupanga mabehewa: njia moja ya mbele, pointi mbili (pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili), na njia tatu za kuegesha, moja ya mabehewa 5 na mbili za mabehewa 3. Njia ya mbele ichukue injini na mabehewa 3 tu, isizidi hapo, maana ikiwa ndefu kazi yote inakuwa rahisi mno. Chukua mabehewa 8, chagua 5 kwa kura na uyapange kwa mfuatano uliotoka: mipangilio inayowezekana ni 6,720. Yote hayo hayafiki mita 1, na nafasi iliyobaki ni ya mandhari. Ukitaka kisa cha kuivalisha, buni kiwanda cha chumvi cha upande wa Gongoni. Mabwawa ya chumvi yapo kweli, reli itakuwa ya kwako, na mabehewa ya kupindua yenye umbo la V yanafaa sana kazi hiyo.

Assalaam aleikum. Niko Malindi, nyumba inatazama bahari. Injini yangu hukimbia vizuri kwa muda, halafu hushtuka-shtuka na kusimama. Nafuta reli kwa spiriti kila siku na hata nimesugua kwa msasa. Mbona haisaidii? (Baba Fatma, Malindi)

Waaleikum salaam, Baba Fatma. Msasa uweke mbali kabisa. Mikwaruzo yake ni mifereji ya kukusanyia uchafu, na reli iliyokwaruzwa huchafuka upesi kuliko mwanzo. Sufi ya chuma ni mbaya zaidi: vipande vyake hurukia sumaku ya mota na kuiunguza.

Kiini cha tatizo ni chumvi. Upepo unaileta, inatua juu ya reli, na hewa ikiwa na unyevu unaozidi takriban asilimia 75, jambo la kawaida pwani usiku, chumvi hiyo hunyonya maji na kuwa utando. Magurudumu yakipita panatokea cheche ndogondogo, na utando unageuka mweusi. Spiriti safi haiyeyushi chumvi. Inaondoa mafuta na masizi, chumvi inaisambaza tu. Ndiyo maana reli yako inang'aa na bado haipitishi umeme.

Fanya hivi. Chukua kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, kiloweshe maji ya betri yaliyo safi (hakikisha si asidi), kikamue mpaka kibaki na unyevu tu, ufute reli zote. Kausha papo hapo kwa kitambaa kingine. Kisha ndipo utumie alikoholi ya isopropili ya asilimia 99, ile wanayotumia mafundi wa simu. Spiriti ya kusafishia vidonda huwa na maji, na nyingine zina mafuta. Magurudumu ya injini nayo yana haki yake: tandika kitambaa chenye alikoholi juu ya reli, magurudumu ya upande mmoja yakae juu yake na ya upande wa pili yabaki kwenye reli, uipe umeme huku umeishika. Geuza, rudia. Kitambaa kikitoka cheusi utajua ulikuwa unasafisha mahali pasipo.

Ukimaliza, funika meza kwa leso kuukuu iliyofuliwa mara nyingi. Usifunike kwa nailoni, kwa sababu unyevu hunaswa chini yake na kudondoka juu ya reli. Injini zilale kwenye kopo linaloziba vizuri pamoja na vile vifuko vya kukaushia unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu.

Kama bado inasimama, na daima mahali palepale, basi si uchafu, ni nyaya. Pima volti kwa mita huku injini inavuta, si ikiwa imetulia. Ukiona 12 kwenye kidhibiti na 9 mwisho wa njia, volti 3 zinapotelea kwenye viungo vya reli. Viungo hivyo hushika reli, lakini pwani usivitegemee kwa umeme. Pitisha chini ya meza nyaya mbili za milimita za mraba 1.5, zile za taa za nyumba, na kila kipande cha reli kipate waya wake mwembamba wa 0.5 unaoteremka kuungana nazo. Lehemu kwa risasi yenye utomvu ndani yake. Dawa ya asidi ya mafundi bati usiiguse: mabaki yake yanaendelea kula shaba miezi na miezi, na hewa ya chumvi huyasaidia.

Ikisimama juu ya pointi, tazama pale katikati reli mbili zinapokatana. Kwenye pointi za bei nafuu sehemu hiyo ni plastiki, na injini yenye magurudumu manne yaliyokaribiana hupoteza umeme hapo. Nunua pointi ambazo sehemu hiyo ni ya chuma, kisha uiunganishe na swichi inayobadilisha umeme pamoja na ulimi wa pointi.

Mimi naishi Mambrui. Je, mchanga wa ufuoni kwetu unafaa kumwagwa katikati ya mataruma? Ni mwembamba na bure. (Mama Said)

Unafaa, Mama Said, ukishaondolewa vitu viwili.

Cha kwanza ni chumvi. Loweka mchanga kwenye ndoo ya maji baridi usiku kucha, umwage, urudie, mpaka tone la maji yake likikauka juu ya kioo lisiache duara jeupe. Cha pili ni chembe nyeusi. Mchanga wa pande hizo una madini mazito, na baadhi ya chembe huvutwa na sumaku. Ukimwaga hivyohivyo, zitaishia ndani ya mota. Funga sumaku ya spika mbovu ndani ya mfuko wa plastiki, ipitishe juu ya mchanga mkavu uliotandazwa, vua mfuko, tupa kilichonata. Rudia mpaka mfuko utoke mtupu. Vile vijipande vya mchanga vinavyong'aa kama dhahabu havidhuru injini, ila kwenye skeli ya 1:76 kila kimoja kinaonekana kama kipande cha kioo, kwa hiyo paka rangi nyepesi ya udongo juu yake.

Chekecha kwa kitambaa cha chandarua kisha kwa soksi nyembamba ya nailoni, utumie kilichopita kwenye soksi. Reli za kazi hazikuwa na kokoto nzuri; mara nyingi mataruma yalizama kwenye udongo, nawe yazamishe. Acha tu upande wa ndani wa reli wazi kwa kina cha milimita 1 hivi, ili ukingo wa gurudumu usikwaruze. Nyunyiza kwanza maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha dondosha gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Bila sabuni, gundi inajiviringa juu ya mchanga na kuacha mashimo. Pointi usizimwagie: pale paka gundi kwa brashi ndogo na ukae ukisogeza ulimi wake mpaka ikauke.

Nilitandika reli wakati wa mvua, ikawa nyoofu kabisa. Kaskazi ilipoingia ikajipinda kama nyoka. Ni joto? (Msomaji, Shela, Lamu)

Joto lina sehemu ndogo. Reli ya milimita 914 ikipata nyuzi 10 zaidi hurefuka kwa takriban milimita 0.15, basi. Aliyekuponza ni ubao. Wakati wa mvua ulikuwa umeshiba unyevu na kutanuka. Kaskazi ilipoukausha ukasinyaa, pengine milimita 1 kwa kila mita, nazo reli zikabanwa kutoka pande zote mbili hadi zikakosa pa kwenda. Kama jua la alasiri linaingia dirishani na kuzipiga, hapo joto linaongeza lake.

Kata reli kila baada ya mita moja kwa kisu cha msumeno mwembamba, ukiacha pengo la milimita 1 ikiwa unafanya kazi wakati wa mvua. Wakati wa kaskazi acha pengo dogo sana, kwa kuwa litapanuka lenyewe baadaye. Kila kipande kiwe na nyaya zake, kama tulivyomweleza Baba Fatma. Gandisha mataruma kwa silikoni nyembamba inayonyumbuka badala ya gundi inayokauka kama jiwe.

Barua yako inasema ubao ni ule wa unga wa mbao uliogandishwa. Huo kwa Lamu haufai, ukishavimba haurudi. Tumia plaiwudi ya baharini ya milimita 9 juu ya fremu ya saipresi iliyokauka, na vipande vya kukatiza kila sentimita 40. Boriti za mkoko ziache zibebe dari, maana hazinyooki kiasi cha kubeba reli. Kisha paka vanishi mara mbili juu, chini na kwenye kingo zote. Wengi hupaka juu peke yake. Upande wa chini unanyonya unyevu, wa juu haunyonyi, na ubao unakunjika kama kigae.

Je, naweza kuweka Garratt, ile injini kubwa ya mvuke ya reli ya Kenya, kwenye meza ya mita mbili? (Mwanafunzi, Malindi)

Kuiweka, ndiyo. Kuiendesha kwa heshima, hapana. Garratt za daraja la 59 zilikuwa 34, kazi ya Beyer Peacock ya Manchester miaka ya 1955 na 1956, na zilipewa majina ya milima. Kila moja ilikuwa na urefu wa karibu mita 31.7. Katika 1:87, juu ya reli ya milimita 12 inayofaa geji ya mita, injini peke yake ni sentimita 36, na kona yenye nusu kipenyo kisichofika sentimita 60 itaiaibisha. Ukifika Nairobi nenda ukaitazame Mount Gelai, namba 5918, kwenye jumba la makumbusho la reli, upige picha za kila bomba, ujenge ya kusimama kwenye kabati.

Nitengenezeje minazi na makuti yasiyofanana na ya dukani? (Bi. Zuhura, Lamu)

Mnazi wa mita 15 hadi 20 ni milimita 200 hadi 260 katika 1:76. Wengi huufanya mfupi mno, ukaonekana mche. Sokota nyuzi za shaba kutoka waya wa umeme, ziwe nene kidogo chini, zipake gundi na vumbi la mbao. Uinamishe upande mmoja. Kuti moja ni kama milimita 65: kata karatasi umbo la jani la mkuki, bandika waya mwembamba katikati, kisha chana kingo zote mbili kwa mkasi kuelekea ncha. Mti mmoja utake makuti 20 au zaidi, ya chini yakiwa yameanguka na rangi ya kahawia.

Paa ni usumba wa nazi, uchemshwe kwanza na kukaushwa, kisha ukatwe vipande vya milimita 10 na kubandikwa kwenye tepe za karatasi. Anza tepe ya chini kabisa, upandishe safu kwa safu, kila moja ifunike ya chini yake na kuacha milimita 3 tu zionekane. Mteremko uwe mkali, karibu nyuzi 45. Paa jipya lipake hudhurungi yenye manjano. La zamani ni kijivu, na mahali pawili au patatu bandika tepe mpya za hudhurungi juu ya kijivu hicho, kwa kuwa makuti hutiwa viraka kabla hayajaezekwa upya.